Vita vya Kagera vilikuwa viwili, na vya pili ndivyo vilivyotugharimu

Mtu akiulizwa Vita vya Kagera vilihusu nini, jibu huja haraka: nduli Idi Amin alivamia, Nyerere akasema tutampiga, akapigwa. Ni kweli, ila jibu hilo linashona pamoja vita viwili vilivyokuwa na malengo tofauti, uhalali tofauti na gharama tofauti. Vya kwanza vilikuwa vya kumtoa adui ndani ya mipaka ya Tanzania, na vilikwisha mwanzoni mwa Januari 1979. Vya pili vilianza majeshi ya Tanzania yalipovuka mpaka pale Mutukula baadaye mwezi huohuo, yakafika Kampala, yakaendelea hadi mpaka wa Sudan, na hayakurudi nyumbani hadi katikati ya 1981. Karibu kila ubishi unaoendelea mpaka leo, kuhusu uchumi wa Tanzania kuporomoka, kuhusu Afrika kukaa kimya, kuhusu nani aliivuruga Uganda baada ya Amin, unatokana na kuvichanganya.

Mstari na mto

Mpaka wa Tanzania na Uganda magharibi mwa Ziwa Victoria ni mstari ulionyooka. Waingereza na Wajerumani waliupiga mwaka 1890 kwa kufuata latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta, bila kujali kilichopo ardhini. Kilichopo ardhini ni Mto Kagera, unaopanda kaskazini ukitokea Rwanda kisha kukata kona kuelekea mashariki ziwani. Kati ya mto na mstari kikabaki kipande cha Tanzania cha karibu kilomita za mraba 1,800, sehemu kubwa yake ikiwa wilaya ya Missenyi ya leo. Ukitokea Uganda unaingia humo kwa miguu. Ukitokea Tanzania unahitaji kuvuka mto, na daraja la maana lilikuwa moja, la Kyaka. Ofisa yeyote wa jeshi akiitazama ramani hiyo anaona mambo mawili: kipande hicho ni chepesi kutekwa kutoka kaskazini, na daraja likivunjwa, mwenye nchi atachelewa kukirudia.

Uhasama wenyewe ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka saba. Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda tarehe 25 Januari 1971. Nyerere akakataa kuitambua serikali yake na akampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote zaidi ya 1,000 waliingia Uganda wakitokea Tanzania, wakielekea Mbarara na Masaka. Mpango ulitegemea pia ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ya kuwapeleka makomando Entebbe, lakini matairi yake yalipasuka ilipotua Kilimanjaro, na shambulio lote likasambaratika. Amin akajibu kwa kuipiga Bukoba mabomu. Siad Barre wa Somalia akawapatanisha, na kwa makubaliano ya Mogadishu ya tarehe 5 Oktoba 1972 kila upande ukakubali kuweka majeshi yake umbali wa kilomita 10 kutoka mpakani. Miaka sita baadaye ulinzi wa Tanzania ng'ambo ya mto ulikuwa mwembamba sana. Brigedi ya karibu ilikuwa na makao yake Tabora.

Kilichomsukuma Amin mwaka 1978 kilitoka ndani ya Uganda kuliko mpakani. Bei ya kahawa, iliyopanda mno mwaka 1976 na 1977, ilikuwa imeshuka, na kahawa ndiyo iliyoingiza karibu fedha zote za kigeni za Uganda. Oktoba mwaka huo Bunge la Marekani likapiga marufuku ununuzi wa kahawa ya Uganda. Utawala ulionunua utii wa askari kwa whisky, redio na magari ulikosa cha kugawa. Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, alikuwa ameumia vibaya katika ajali ya gari mwezi Aprili na watu wake wakaanza kuondolewa madarakani. Vikosi vikaasi kusini magharibi. Kuwaelekeza askari wenye hasira nje ya mpaka, kwenye ng'ombe na mabati ya watu wengine, ni njia ya zamani ya watawala wa aina hiyo.

Vita vya kwanza

Tarehe 30 Oktoba 1978 askari wa Uganda wapatao 3,000 walivuka na kukiteka kipande chote. Novemba mosi Radio Uganda ikatangaza kwamba mpaka mpya ni Mto Kagera. Ndege zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka zikalikosa, hivyo likalipuliwa kwa baruti tarehe 3 Novemba. Nyuma ya mto ulifuata uporaji: kiwanda cha sukari cha Kagera, mifugo kwa maelfu, milango na mabati ya nyumba. Inakadiriwa raia 1,500 waliuawa, na makumi ya maelfu wakakimbilia kusini.

Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo Watanzania wengi wanaikariri. Kati ya hayo matatu, lenye shaka siku ile lilikuwa uwezo. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilikuwa na wanajeshi wasiozidi 40,000, wengine wakiwa Msumbiji kuisaidia dhidi ya Rhodesia. Ndani ya wiki chache idadi ikapita 100,000 kwa kuunganisha mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza. Kuwapata watu haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kuwafikisha, kwa kuwa kutoka Dar es Salaam hadi Kyaka ni zaidi ya kilomita 1,300, sehemu kubwa barabara ya udongo, na ilikuwa vuli. Serikali ikachukua malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi. Malori hayo ndiyo yaliyokuwa yabebe pamba, kahawa na korosho za msimu ule, na tutayarudia.

Katika haraka ile makosa hayakukosekana. Ndege tatu za kivita za Tanzania ziliangushwa na mizinga ya Tanzania yenyewe huko Musoma, kwa sababu walioishika mizinga walishaambiwa wategemee ndege za Amin na hawakupewa taarifa kwamba zinazokuja ni za nyumbani.

Hata hivyo vita vya kwanza havikuwa vigumu kijeshi. Mizinga na makombora ya BM-21, ambayo Waganda waliyaita saba saba, yalipoanza kuvuka mto, askari wa Amin waliokuwa wameshajaza magari yao hawakuwa na hamu ya kukaa. Tarehe 14 Novemba Amin akatangaza kuwaondoa. Wahandisi wa JWTZ wakatandika daraja la muda la vyuma pale Kyaka kabla mwezi haujaisha, vikosi vikavuka, na masalia ya adui milimani yakasafishwa hadi mwanzoni mwa Januari. Kama hadithi ingeishia hapo, leo tungeikumbuka kama vita vya miezi miwili vya kulinda mpaka, visivyo na mgogoro wowote wa kisheria.

Kwa nini hawakusimama mtoni

Sababu ya kwanza ni ya ardhi. Mutukula iko kwenye mwinuko, na mizinga iliyowekwa pale inaipiga Missenyi yote. Kuukomboa uwanda na kumwachia adui kilima ni kumpa nafasi ya kurudia.

Sababu ya pili ni Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Nyerere aliutaka umlaani Amin kwa uvamizi, na Amin alikane dai lake la ardhi na kulipa fidia. OAU ilitaka pande zote mbili zisimamishe mapigano kwanza, kana kwamba zote zilikuwa zimevamia. Hapa kuna kejeli: kanuni iliyovunjwa na Amin, kwamba mipaka ya wakoloni haiguswi, ilipitishwa Cairo mwaka 1964 kwa juhudi za Nyerere mwenyewe. Umoja uliokuwa na kanuni hiyo haukuthubutu kumtaja aliyeivunja.

Sababu ya tatu husemwa kidogo, na kwa maoni yetu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote: pesa. Kumwondoa Amin Missenyi bila kumwondoa Kampala kulimaanisha kuweka makumi ya maelfu ya askari mpakani kwa muda usiojulikana, wakila, wakivaa na kuchoma dizeli. Nchi maskini haiwezi kugharimia jeshi la aina hiyo lililokaa tu likisubiri.

Hata baada ya kuvuka, lengo la kwanza halikuwa Kampala. Mutukula ilitekwa tarehe 21 na 22 Januari na kusawazishwa kabisa. Raia waliuawa humo, jambo lililomkasirisha Nyerere na kuleta amri kali kwamba raia wasiguswe. Hatua iliyofuata ilikuwa Masaka na Mbarara, miji iliyotekwa tarehe 24 na 25 Februari na majengo yake mengi kulipuliwa kulipiza yale ya Kagera. Kuanzia hapo Waganda wenyewe, yaani wapiganaji wa uhamishoni na askari waliotarajiwa kuasi, ndio waliopaswa kuimaliza kazi. Mpango huo ulikufa kwa mambo mawili: wahamishwa walikuwa wachache mno, na Muammar Gaddafi akaingia.

Libya ilisafirisha kwa ndege askari wapatao 2,500, pamoja na vifaru. Tarehe 10 Machi msafara wao, wakiwa na askari wa Amin, uligongana na Brigedi ya 201 ya Tanzania huko Lukaya, kwenye barabara inayokatiza kinamasi kati ya Masaka na Kampala. Brigedi hiyo ilijaa mgambo ambao hawakuwahi kukutana na vifaru. Wakatawanyika. Kilichookoa hali ni kwamba Walibya hawakusonga mbele kuelekea Masaka wakati njia iko wazi, walisimama wakangoja. Usiku ule Brigedi ya 208 chini ya Mwita Marwa, iliyokuwa karibu kilomita 60 kaskazini magharibi, ikaamriwa kugeuka na kuikata barabara nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 Walibya wakajikuta katikati ya moto wa pande mbili, na kinamasi kushoto na kulia. Hapo ndipo vita vilipoamuliwa.

Gaddafi akaipa Tanzania saa 24 iondoke Uganda. Ilipokataa, ndege yake aina ya Tupolev ikatumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza; mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Entebbe ikatekwa tarehe 7 Aprili na Kampala tarehe 11. Barabara ya kwenda Jinja iliachwa wazi kwa makusudi ili Walibya waondoke bila kupigania kila mtaa. Tarehe 22 Aprili bwawa la umeme la Owen Falls likakutwa zima, na tarehe 3 Juni vikosi vikafika mpaka wa Sudan. Tanzania ilipoteza wanajeshi 373, wengi wao kwa ajali na sababu nyingine zisizo za mapigano.

Serikali iliyozaliwa Moshi

Majeshi yalikuwa yakienda kasi kuliko siasa. Kabla Kampala haijaanguka ilibidi ipatikane serikali ya Waganda ya kuipokea, la sivyo Tanzania ingeonekana imeiteka nchi jirani. Tarehe 24 hadi 26 Machi makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi na kuunda chama cha pamoja, UNLF. Obote aliombwa na Nyerere abaki Dar es Salaam, kwa sababu Waganda wa Buganda hawakuwa wamemsamehe kwa kumpindua Kabaka, mfalme wao, mwaka 1966. Profesa Yusuf Lule, mtu mzima asiye na jeshi, akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu hakumtisha yeyote.

Huko kutokuwa na jeshi ndiko kulikomponza. Jeshi jipya la Uganda, UNLA, lilikuwa majeshi mawili ndani ya sare moja: Kikosi Maalum cha Tito Okello na David Oyite Ojok, waliomtii Obote, na FRONASA, kundi la wapiganaji la Yoweri Museveni. Wakati wa kwenda Kampala kila upande uliandikisha vijana njiani, kila mmoja kwao, na kila mmoja akijiwekea hesabu ya baadaye. Anayetaka kujua kwa nini Uganda haikutulia baada ya Amin aanze na orodha hizo za uandikishaji, kabla ya kusoma hotuba za wanasiasa.

Ratiba ya matukio inajieleza. Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili 1979 na kuondolewa tarehe 20 Juni, siku 68 tu, kwa madai kwamba aliteua mawaziri bila kulishirikisha baraza la mashauriano. Godfrey Binaisa akadumu hadi Mei 1980, alipojaribu kumwondoa Oyite Ojok kwenye unadhimu mkuu wa jeshi. Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikamwondoa yeye. Uchaguzi ukafanyika Desemba 10, 1980. Muwanga akajipa mamlaka ya kutangaza matokeo peke yake, Obote akatangazwa mshindi, na tarehe 6 Februari 1981 Museveni akashambulia kambi ya Kabamba kuanzisha vita vya msituni.

Na Tanzania ilikuwa wapi? Ilikuwa ndani, na askari karibu 20,000. Walipoingia, raia wa Kampala waliwashangilia na kuwaita bakombozi. Lakini jeshi la kigeni likikaa miaka miwili katika nchi isiyo na polisi, mishahara wala mahakama, sifa huchakaa. Lilimwacha Lule aondolewe, likamwacha Binaisa aondolewe, na kila mara wapinzani wa Obote walisoma ukimya huo kama kura ya Nyerere. Wengine walisema ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Ushahidi wa Moshi, ambako Obote aliwekwa pembeni, hauungi mkono nadharia hiyo moja kwa moja. Unaonyesha zaidi mtu aliyeshinda vita akakosa njia ya kutoka. Vikosi vya mwisho viliondoka Juni 1981, na kadiri vilivyoondoka ndivyo UNLA ilivyozidi kulipiza kisasi, kwanza West Nile alikotoka Amin, kisha Luwero, eneo la vita vya msituni.

Mwaka 1986 Museveni alipoichukua Kampala, miongoni mwa makamanda wake alikuwamo Fred Rwigyema, kijana wa wakimbizi wa Kinyarwanda aliyepigana ndani ya FRONASA tangu 1979. Oktoba mosi 1990 ndiye aliyewaongoza waasi wa RPF kuingia Rwanda. Haimaanishi kwamba kuvuka Mutukula ndiko kulikoleta yaliyofuata Kigali na Kongo. Kati yake kuna maamuzi mengi ya watu wengi. Ila shule ya kijeshi ya kizazi hicho ilifunguliwa kwenye njia ya kwenda Kampala.

Nani alilipa

Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba vita viliigharimu Tanzania dola milioni 500 za Marekani. Kwa kulinganisha, mauzo yote ya Tanzania nje ya nchi kwa mwaka yalikuwa yanakaribia kiasi hicho. Msaada kutoka nje ulikuwa mdogo. Msumbiji ilileta kikosi cha askari. Nchi za Magharibi zilifurahi kimyakimya Amin kuondoka lakini hazikuchukua bili.

Gharama hiyo ilipita milango mitatu. Wa kwanza ni fedha za kigeni: mafuta, vipuri, risasi na matairi havinunuliwi kwa shilingi. Wa pili ni yale malori. Lori lililokwenda Masaka halikubeba pamba Shinyanga; mengi yalirudi mabovu au hayakurudi, na mazao yakalala kwenye maghala ya vijijini yakingoja usafiri. Zao lisilofika bandarini haliingizi dola, na bila dola hakuna lori jipya wala kipuri cha lori bovu. Mduara huo uliendelea miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Wa tatu ni watu: mgambo walikuwa wakulima, wameondolewa shambani msimu wa kupanda.

Je, basi vita ndivyo vilivyoua uchumi? Hapana, si peke yake, na anayesema hivyo anawaficha washitakiwa wengine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikalazimika kuanzisha upya shirika lake la ndege, reli, bandari na posta. Akiba ya fedha za kigeni iliyoletwa na bei nzuri ya kahawa ililiwa mwaka 1978 baada ya masharti ya kuagiza bidhaa kulegezwa, ushauri uliotoka kwa mashirika ya fedha ya kimataifa. Mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya pipa la mafuta kutoka dola 13 hivi mwaka 1978 hadi zaidi ya 30 mwaka 1980. Mashirika ya umma yalikuwa yakila kuliko yanavyozalisha. Zambia haikuuvamia mji wa mtu, na uchumi wake uliporomoka miaka hiyohiyo. Vita vilichofanya ni kuondoa godoro: nchi ilianguka kwenye dhoruba ya 1979 bila akiba, bila malori na bila nafasi ya kukopa kwa masharti nafuu.

Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo haikuisha. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alitaka makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, yaliyojumuisha kushusha thamani ya shilingi. Nyerere akakataa, na Mtei akajiuzulu mwaka 1979. Makubaliano ya 1980 yakavunjika mapema. Ikafuata miaka ya foleni kwenye maduka ya ushirika, sabuni ya kugawiwa kwa kaya, na unga wa njano ambao watu waliuita Yanga. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi walikamatwa, bidhaa zikatupwa porini usiku, lakini uhaba ulikuwa wa uzalishaji na haukumalizwa na mahakama. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Nyerere akang'atuka 1985, na mwaka 1986 Ali Hassan Mwinyi akasaini na IMF yale yaliyokataliwa miaka saba nyuma, kwa shilingi dhaifu zaidi. Enzi ya ruksa, ya kulegeza masharti ya biashara, ilianzia hapo.

Uganda nayo ililipa kwa namna yake. Amin alikwishawafukuza Waasia mwaka 1972 na kuwagawia mafutamingi, yaani matajiri wapya, maduka yao. Baada ya ukombozi maghala ya Kampala yaliporwa na kila aliyeweza kubeba, askari na raia. Magendo yakawa uchumi wenyewe: kahawa ilitoka kwa njia za panya kwenda Kenya na Rwanda kwa sababu bei rasmi haikumtosha mkulima hata sabuni. Huko Moroto, Wakaramojong walivunja ghala la silaha la kambi iliyokimbiwa. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki, na mwaka 1980 njaa kali ikafuata. Upande wa Tanzania silaha zilizotapakaa ziliongeza ujambazi na wizi wa mifugo Usukumani na Unyamwezini, na ni katika mazingira hayo sungusungu waliibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kagera yenyewe, mkoa uliobadilishwa jina kutoka Ziwa Magharibi baada ya vita, ilirudi nyumbani ikakuta paa hazipo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani humo. Kusema vita ndivyo vilivyouleta ni kurahisisha: virusi vilikuwa vikisambaa kuzunguka ziwa lote, na magendo ya mpakani, lori kwa lori na gulio kwa gulio, yalisafirisha watu kuliko jeshi lilivyofanya. Lakini magendo hayo yalinenepa kwenye uhaba ulioachwa na vita.

Kanuni iliyobaki

Julai 1979 wakuu wa nchi za OAU walikutana Monrovia. Gaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania hadharani kwa kuipindua serikali ya nchi nyingine. Binaisa, aliyekaa kwenye kiti cha Uganda kwa sababu ya kuvuka huko, aliitetea. Kisheria walioshutumu walikuwa na hoja: haki ya kujilinda inaishia karibu na mahali adui anapotolewa, na Nyerere hakuwahi kutangaza kanuni mpya ya kuingilia kati. Alishikilia kwamba alijilinda dhidi ya mvamizi aliyekuwa bado na uwezo na nia. Mkutano huohuo ukaagiza kuandikwa kwa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981.

Kanuni ya kuingilia kati ilikuja mwaka 2000, katika ibara ya 4(h) ya Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika: umoja unaweza kuingilia nchi mwanachama pakiwa na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Aliyeitisha mkutano wa Sirte mwaka 1999 uliozaa umoja huo ni Gaddafi, yuleyule aliyepeleka vifaru Lukaya. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la umoja huo liliidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi. Rais wa Burundi, Pierre Nkurunziza, akasema wakiingia watahesabiwa wavamizi na watapigwa, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakakutana Addis Ababa na kuamua wasipelekwe.